Mashine Namba Saba ya Kamachumu

Kwa karibu miaka ishirini, mtu yeyote wa Bukoba ambaye kompyuta yake ilikuwa nzito kuwaka aliambiwa aende Bakoba kwa Audax. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye rafu za mbao, kimebanwa kati ya mashine ya kusaga na saluni, na barazani palikuwa na benchi ambalo wateja walikaa wakisubiri huku wakitafuna punje za kahawa. Audax hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliiwasha kompyuta, akaikazia macho, halafu akaingia mahali ambapo mwenye mashine hakuwahi kufika, kwenye folda iitwayo Prefetch, akafuta kila kilichokuwemo.

"Takataka hizi ndizo zinazoipa mashine usingizi," alikuwa akisema.

Mteja aliyaona mafaili mia moja na zaidi yakitoweka kwa mkupuo mmoja, akaondoka ameridhika, kama mtu aliyeonyeshwa jino bovu baada ya kung'olewa.

Ujuzi huo aliupata Mwanza, enzi za ujana wake, kutoka kwa mkufunzi mmoja aliyeaminika sana. Wakati ule diski zilikuwa ndogo, kila nafasi iliyopatikana ilikuwa nafuu, na hakuna aliyeuliza zaidi. Audax aliwafundisha mafundi wengine, nao wakafundisha wenzao, mpaka ikawa vigumu kupata duka la kompyuta mjini ambalo halikufuta mafaili yale. Baadaye aliandika programu ndogo ya kuifuta folda hiyo kila mashine ilipozimwa, ili mteja asihangaike. Aliiweka kwenye kila kompyuta iliyopita mikononi mwake, na aliionea fahari.

Jovina alikuja dukani akiwa na miaka ishirini na miwili, ametoka chuo cha ufundi, binti wa Kitendaguro. Mwaka haukuisha akawa anafungua laptopu na kuifunga bila skrubu hata moja kubaki mezani, kitu ambacho Audax mwenyewe kilimshinda mara nyingine. Walifanya kazi pamoja miaka sita. Yeye alimwita Ta Audax, kama binti amwitavyo mtu wa rika la baba yake, naye alimwita mwana wange, yaani mwanangu. Mke wa Audax, Edvina, alipoleta chakula cha mchana alileta sahani mbili za ebitoke, ndizi za kupika, na maharage zilizojaa sawasawa, na siku Jovina alipokuwa mgonjwa aliipeleka ya kwake hadi nyumbani kwao.

Kilichowatenganisha kilianza kama swali tu. Ilikuwa siku ya mvua, wateja hakuna, Jovina amekaa anasoma kwenye simu yake.

"Ta Audax," alisema bila kuinua kichwa, "tuna uhakika na haya mafaili tunayofuta?"

"Uhakika gani?"

"Nimesoma kazi yake. Mashine inapowaka, inaandika humo vitu ilivyovihitaji kwanza na mahali vilipokuwa kwenye diski. Kesho yake inavifuata moja kwa moja. Tukifuta, inaanza kutafuta upya, kama mpishi aliyehamishiwa vyombo."

"Na yakijaa?"

"Hayajai. Mfumo wenyewe unayapunguza yakizidi. Ukifuta mara moja si neno, siku chache tu yanajiandika tena na mashine inatulia. Lakini sisi tumeweka programu ya kufuta kila siku. Mashine kama hiyo haipati nafasi ya kujifunza."

Audax alicheka kidogo. "Nilianza kufuta mafaili haya ukiwa darasa la tatu. Watu wanarudi hapa kunishukuru."

"Wanarudi, ndiyo," Jovina akasema. "Wengine wanarudi kwa sababu imekuwa nzito tena."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayeeleza tu hali ya hewa. Audax alichukua bisibisi akaanza kufungua mashine ambayo haikuwa na tatizo.

Wakati huo duka lilikuwa linahudumia shule moja ya sekondari upande wa Kamachumu. Shule ilikuwa na kompyuta ishirini na nne, zote za aina moja, zilizotumika ng'ambo kabla ya kuletwa. Zilikuwa zimepatikana kwa jitihada za Mwalimu Getruda, mwalimu wa somo la kompyuta, aliyeandika barua kwa wafadhili miaka mitatu mfululizo, nyingi zisijibiwe. Kompyuta zilipofika, yeye na wanafunzi wake walizipangusa vumbi, wakazipa namba kwa rangi nyeupe, wakashona mapazia ya chumba.

Malalamiko ya Mwalimu Getruda yalikuwa yaleyale kila muhula. Mashine zilichelewa kuwaka. Umeme ulikuwa na tabia ya kukatika mara mbili au tatu katika kipindi, na kila uliporudi wanafunzi walikaa wameegemea mikono, wakiangalia duara likizunguka kwenye kioo, hadi kengele inapigwa. Audax alikuja, akahakikisha programu yake ya kufuta ipo kwenye kila mashine, akaondoka. Muhula uliofuata aliitwa tena.

Siku waliyogombana alikwenda na Jovina, kama alivyofanya muhula uliotangulia. Walimkuta Mwalimu Getruda mlangoni pamoja na mkuu wa shule, Mwalimu Lwakatare, mtu mrefu, mpole, aliyekiri wazi kwamba kompyuta hazijui na kwamba alichokijua ni kuwasikiliza waliosomea.

"Karibuni, waitu, wenzetu," Mwalimu Getruda alisema. "Leo nina habari njema kidogo. Namba saba imekuwa nyepesi kuliko zote. Wanafunzi wanaigombania. Jovina, uliifanya nini ile siku mliyokuja?"

Jovina alimtazama Audax kwanza. Halafu akasema ukweli, kwa sababu hakuwa na kingine cha kusema.

"Niliondoa programu ya kufuta, mwalimu. Nilitaka kuona. Nilikuwa nimwambie Ta Audax leo tukiwa njiani, nikasita."

Audax alidakia. "Namba saba ina diski mpya zaidi," alisema.

Haikuwa kweli. Mashine zote zilitoka kwenye shehena moja, na yeye mwenyewe ndiye aliyezikagua.

"Basi si tuziwashe tuone," Mwalimu Lwakatare alisema, bila ubaya wowote. "Namba saba na jirani yake."

Zikawashwa pamoja, namba saba na namba nane. Mwalimu Getruda alishika saa yake ya mkononi. Wanafunzi wawili waliokuwa wakifagia waliacha fagio. Duara lilizunguka kwenye vioo vyote viwili. Kisha kioo cha namba saba kikafunguka, Jovina akabonyeza programu ya kuandikia, nayo ikaja, ukurasa mweupe umetulia ukingoja herufi. Namba nane ilikuwa bado inazunguka. Ilizunguka muda mrefu wa kutosha mtu kusafisha koo lake mara mbili, kama alivyofanya Mwalimu Lwakatare.

"Saba, dakika mbili," Mwalimu Getruda alisema. "Nane hii hapa, tatu na nusu."

Mkuu wa shule alimgeukia Audax. "Sasa, fundi, wewe unasemaje?"

Miaka iliyofuata Audax alikumbuka jinsi wote watano walivyomtazama kwa heshima, hata Jovina, hasa Jovina. Hakuna aliyekuwa anamcheka. Ilitosha aseme kwamba binti yuko sahihi, waiondoe programu kwenye mashine zote, kazi ya saa moja, halafu warudi Bukoba. Badala yake aliwaza jinsi mafundi wote wa mjini watakavyosikia kwamba msichana aliyefundishwa naye kushika bisibisi amemsahihisha mbele ya mkuu wa shule. Mdomo ukatangulia.

"Huyu bado anajifunza," alisema. "Tatizo la mashine hizi si mafaili. Mashine zimechoka, mwalimu. Hata hiyo saba inajikongoja tu, miezi michache nayo italala. Kwa ushauri wangu, shule isiendelee kutegemea vitu hivi."

"Zote?" Mwalimu Getruda aliuliza.

"Zote."

Mwalimu Lwakatare aliinamisha kichwa akafikiri. "Kama fundi mwenyewe amesema," alijibu mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyepewa majibu ya hospitali.

Waliondoka kwa gari la Audax. Pande zote mbili za barabara migomba ilikuwa inadondosha maji ya mvua ya asubuhi. Walipoikaribia Muhutwe, Jovina alijaribu.

"Ta Audax, nilikosa kufanya bila kukwambia. Hilo naomba unisamehe. Lakini mashine zile ni nzima."

"Kesho usije dukani," Audax alisema.

Jovina aligeuka akamtazama, akitaka kujua kama ni hasira za kupita.

"Na keshokutwa?"

"Usije."

"Sawa, Ta," alisema. Hakulia wala hakubishana. Walipofika Bakoba alikusanya vitu vyake kwenye mfuko wa nailoni, akauweka ufunguo wa duka juu ya meza, akafunga mlango taratibu.

Lililofuata lilikuwa baya zaidi, ingawa lilichukua dakika chache tu. Jovina alitafuta kazi kwenye maduka mengine mjini. Wenye maduka, ambao wengi wao walikuwa wanafunzi wa Audax, walimpigia simu kuuliza. Wa kwanza aliyempigia aliitwa Mujuni. Audax angeweza kusema chochote. Alisema, "Anajua kubishana kuliko kufanya kazi," na neno hilo lilizunguka mji mzima kabla ya Jumapili. Edvina alipouliza kwa nini sasa anapeleka sahani moja, mumewe alimwambia binti amepata mambo yake.

Miaka mitatu ikapita. Duka liliendelea. Lakini Audax aligundua kwamba kila alipofungua ile folda mkono wake ulisita, na mara mbili tatu aliifunga bila kufuta kitu, akamwambia mteja kazi imekwisha. Mashine hizo hazikurudi. Hilo nalo alilijua, akalinyamazia.

Kisha, siku moja ya mwezi wa saba, Mwalimu Getruda aliingia dukani kutoa nakala za mitihani. Alikuwa amekonda kidogo. Alimsalimu vizuri, akauliza habari za mama watoto, akasubiri karatasi zake zitoke.

"Na shule?" Audax aliuliza.

"Shule ipo. Mimi sasa nafundisha jiografia. Somo la kompyuta lilifutwa mwaka uleule. Kidato cha nne walikuwa kumi na mmoja waliokuwa wamejiandaa nalo, tukawahamishia masomo mengine dakika za mwisho. Wengine walifanya vizuri tu. Wengine hapana."

"Chumba?"

"Tunaweka mahindi na maharage ya wanafunzi."

"Na mashine?"

"Zilichukuliwa na mnunuzi wa vyuma chakavu." Alikusanya nakala zake akazigonga mezani zikae sawa. "Niliomba nibaki na moja. Namba saba. Iko nyumbani kwangu, naandikia mitihani hii hii. Naiwasha kila siku ya Mungu, na haijanisumbua."

Hakulisema kwa kumchoma. Au labda alilisema kwa kumchoma, lakini uso wake haukuonyesha. Audax alitaka kusema kitu kingine, likatoka swali: "Jovina yuko wapi siku hizi?"

"Muleba, chini mwaloni. Ameolewa na Masalu, mfanyabiashara wa dagaa wa visiwani. Ukienda utampata."

Alikwenda Jumamosi iliyofuata. Hakumwambia Edvina anakoenda, na njiani alijiuliza kwa nini hakumwambia. Mwalo, mahali mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, ulikuwa chini ya mteremko mrefu, na kabla ya kuliona ziwa alianza kusikia harufu ya dagaa. Wanawake walikuwa wameinama juu ya nyavu zilizotandazwa, wakigeuza dagaa kwa mikono ili jua liwapate pande zote. Jovina ndiye aliyemwona kwanza. Alijinyoosha, akafuta mikono kwenye khanga, akamjia.

"Shumalamu, Ta," alimwamkia, kama zamani, na magoti yakakunjika kidogo kama zamani.

Audax aliitikia. Jovina alimtafutia kiti cha plastiki, akamletea maji ya kunawa na kahawa ya kutafuna kwenye kisahani. Alikuwa ameongezeka mwili, na mikono yake ilikuwa na mikwaruzo midogo ya nyavu. Waliongea habari za Kitendaguro, za wazazi wake, za Edvina. Kisha maneno yakaisha, na Audax akaona kwamba asiposema sasa atasimama aondoke kama alivyokuja.

"Nimekuja kukuambia ulikuwa sahihi," alisema. "Kuhusu yale mafaili."

"Najua, Ta."

"Na kuhusu mashine za shule. Zilikuwa nzima."

"Hilo nalo najua." Alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Na wewe ulijua. Siku ileile, pale pale. Nilikuangalia usoni wakati saba ilipofunguka. Uliona."

"Niliona," Audax alisema.

"Basi. Hilo ndilo lililonichosha. Kama ungekuwa hujui, ningerudi kesho yake hata ungenifukuza, nikakueleza tena mpaka unielewe. Lakini mtu anayejua unamwambia nini?"

Audax alimweleza na lile la Mujuni, kwamba yeye ndiye aliyefunga milango ya maduka yote. Jovina alisikiliza huku akichora mchangani kwa kidole.

"Nilihisi," alisema. "Nilijiambia haiwezekani, Ta Audax hawezi. Kwa hiyo lilikuwa kweli."

Hapo ndipo sauti yake ilipobadilika kwa mara ya kwanza, na Audax alitamani asingelisema, halafu akaona aibu kwa kutamani hivyo.

Alimwomba arudi. Alisema watagawana duka nusu kwa nusu, jina lake litaandikwa mlangoni mbele ya la kwake. Alikuwa ameyapanga maneno hayo njia nzima. Jovina alitikisa kichwa polepole.

"Nina maisha hapa, Ta. Na miaka mitatu katika kazi ile ni mingi. Hata kuifungua laptopu ya siku hizi sijui kama nitaweza." Kisha akauliza, "Zimebadilika sana?"

"Sana. Diski zake hazizunguki tena, hazina kitu kinachosogea ndani. Mashine inawaka ukipepesa macho."

"Na Prefetch?"

"Bado ipo. Lakini kwenye diski hizo ukifuta au usifute, mtu haoni tofauti. Hakuna tena cha kubishania."

Jovina alicheka, kicheko kifupi cha kweli, akasogeza ndoo yake karibu. "Kwa hiyo inasoma popote kwa wakati mmoja? Na umeme ukikatika ghafla, data haiharibiki? Joto je, inapata?" Aliuliza moja baada ya jingine, mikono ikipima hewani ukubwa wa kitu asichokiona, na Audax alimjibu kila kitu alichokijua, na mengine alikiri hayajui. Kwa dakika kama kumi walikuwa wamerudi dukani siku ya mvua. Uso wa Jovina ulikuwa na ule mng'ao aliokuwa nao alipoifungua mashine ngumu kwa mara ya kwanza, na Audax alipouona aliinamisha macho, kwa sababu aliona wazi ukubwa wa kitu alichokichukua kwa mtu huyu, na kwamba hakikuwa mikononi mwake tena ili akirudishe.

Mtu akaita kutoka majini. Mtumbwi wa Masalu ulikuwa umefika. Jovina alisimama, akarekebisha khanga.

"Msalimie Ma Edvina," alisema. "Mwambie nakumbuka chakula chake. Na kama unatafuta pa kulipeleka jambo hili, Ta, lipeleke Kamachumu. Mimi nilipoteza kazi. Watoto wale hawakujua hata wamepoteza nini."

Alimfungia dagaa kwenye gazeti, akakataa malipo, akashuka kuelekea majini.

Audax alipitia Kamachumu siku hiyohiyo. Mwalimu Lwakatare alikuwa amehamishwa zamani. Mkuu mpya aliitwa Alexander, kijana nadhifu mwenye mafaili mengi mezani, aliyekuja kumalizia kazi zake Jumamosi. Audax alikaa mbele yake akasimulia kila kitu tangu mwanzo: programu ya kufuta, namba saba na namba nane, alivyodanganya kuhusu diski, alivyosema mashine zimechoka ilhali zilikuwa nzima. Alisema makosa yalikuwa yake peke yake, na kwamba binti aliyefanya kazi naye ndiye aliyekuwa anasema kweli. Akasema pia ana kompyuta nne dukani anazoweza kuiletea shule bure, ikiwa somo linaweza kurudishwa.

Mkuu alisikiliza kwa adabu, akitazama saa mara moja tu.

"Nakushukuru kwa uungwana wako, mzee," alisema. "Hayo yalitokea kabla yangu, na hayapo kwenye kumbukumbu za shule. Kilichoandikwa ni kwamba mashine zilikuwa chakavu. Somo lenyewe linahitaji mwalimu, chumba, na wanafunzi wasiopungua idadi fulani. Nne ni chache. Lakini nitalifikiria." Kisha akaonekana kukumbuka jambo. "Kwa kuwa wewe ni fundi na uko hapa, printa yetu inameza karatasi mbili mbili. Unaweza kuitazama?"

Audax aliinuka akaitazama. Tatizo lilikuwa mpira wa kuvutia karatasi, umelika upande mmoja. Aliusafisha kwa kitambaa chenye maji, akaugeuza, akajaribu na karatasi kumi, zikapita moja moja. Mkuu alifurahi akamwuliza gharama. Audax alisema hakuna.

Alipotoka alipita mbele ya chumba kilekile. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Magunia yalikuwa yamepangwa hadi dirishani, na mpishi wa shule alikuwa anapima maharage kwa kopo. Audax aliuliza anapoishi Mwalimu Getruda, akaelekezwa nyumba ya tatu nyuma ya bwalo. Alikwenda mpaka mlangoni. Kwa ndani alisikia mtu akichapa, herufi baada ya herufi, bila haraka. Alisimama hapo muda mrefu akiyapanga maneno, halafu akabisha hodi.